Shemasi Aliyepanga Wapigaji

Mtu ninayetaka kueleza habari zake sitamtaja jina. Kwetu jina la mtu humtangulia. Hutaja mlima wake au ufuo wake kabla yeye mwenyewe hajafungua mdomo, na mtu huyu, kwa miaka yote aliyokaa Louisville huku Amerika, alitumia nguvu zake kulizuia jambo hilo. Tulimwita Shemasi, nami nitamwita hivyo. Wa mlimani walishuku kwamba ni wa ziwani. Wa ziwani walinung'unika kwamba amejiuza kwa wa mlimani. Ukweli wake ninaujua na sitausema, hata kwa mjukuu anayeniandikia maneno haya, kwa kuwa mimi sikupelekwa shule.

Ili mambo yasikuchanganye, nieleze kwanza kanisa letu la Newburg, mtaa mmoja wa Louisville. Sote tulitoka mashariki ya Kongo, sote tulisema Kiswahili na kuimba nyimbo zile zile, lakini tulikuwa watu wa namna mbili. Wengine walikuwa wafugaji wa milima ya juu. Sisi wengine tulilima mihogo chini, kandokando ya ziwa. Kule nyumbani watu hawa wamechomeana nyumba na kuuana, na bado wanauana. Hapa tulipewa vyumba katika majengo yale yale, tukapanda ngazi zile zile, tukafanya kazi katika mabohari yale yale. Watoto wetu walikulia pamoja bila kujua nani ni nani. Shemasi alitaka wasijue kamwe. Hilo ndilo alilolitaka duniani, na sikuwahi kumsikia akiomba kingine kwa sauti.

Alikuwa na amri moja kwa watoto: mtu akikuuliza kwenu ni wapi, sema Newburg. Akiuliza tena, mwambie jina la mtaa na namba ya mlango. Lakini yeye mwenyewe alikijua kilima cha kila mtoto, mto uliopita chini yake na jina la babu aliyekufa huko. Mtoto akipita mbele yake na mpira mkononi, macho ya Shemasi yalimfuata, nami niliona kwamba hamwangalii mtoto. Anaangalia alikotoka.

Wengi huuliza kwa nini watoto wa Kongo walicheza beisboli wakati mpira wa miguu upo. Sababu ilikuwa yeye. Mpira wa miguu aliukataa waziwazi katika kikao cha wazee. Alisema kila baba pale alikuwa na timu yake ya kule nyumbani, na kila timu ya kule ilikuwa na watu wake, na kabla ya nusu ya kwanza kwisha tungekuwa tumekaa pande mbili. Beisboli hakuna baba aliyeijua. Watoto ndio waliotoka nayo shuleni. "Mchezo ambao hakuna mzee anayeujua," alisema, "hauna maiti ndani yake." Kisha akaongeza lililompendeza zaidi: katika mpira wa miguu mwenye nguvu humnyang'anya mwenzake, lakini katika mchezo huu kila mtoto ana zamu yake ya kushika gongo la kupigia mpira, na hata aliye dhaifu kabisa lazima angojewe.

Mimi niliukubali mchezo huo kwa shida. Nilijifunza yale ya lazima. Wachezaji ni tisa. Wakati wa kupiga, huja mmoja mmoja kwa mpangilio uliotangazwa kabla, na mpangilio huo haubadilishwi ovyo. Wakati wa kulinda, sita hukaa karibu na watatu hupelekwa mbali, nje kushoto, nje katikati na nje kulia, kuingoja mipira inayoruka juu. Wa katikati ndiye anayekimbia kuliko wote na ndiye anayeonekana. Wa kulia, kwa watoto wadogo, hukaa tu. Mpira haumfikii.

Basi hapo ndipo mateso ya Shemasi yalipoanza, kwa maana tisa haigawanyiki kwa mbili, na tatu pia haigawanyiki. Katika tisa, upande mmoja ungekuwa na mmoja zaidi. Katika watatu wa mbali, wawili wangekuwa wa huku na mmoja wa kule. Alipanga wapigaji kwa kupishanisha, wa mlimani, wa ziwani, wa mlimani, wa ziwani, ili asitokee mtu wa kusema kwamba watu wake wamewekwa nyuma. Lakini wa tisa akimaliza, zamu humrudia wa kwanza, na hao wawili walikuwa wa upande mmoja. Wawili wa upande mmoja kufuatana lilikuwa jambo linalomnyima usingizi. Siku moja alimwendea mwamuzi, Mmarekani mnene mwenye kofia, akamsalimu kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika kiwiko, kama inavyompasa mtu mzima kumsalimu mwenye mamlaka, akauliza kwa kinywa cha mtoto aliyetafsiri kama wapigaji wangeweza kuwa kumi. Mwamuzi alicheka. Shemasi hakucheka. Alirudi akiwa amekunja uso kama mtu aliyenyimwa hati.

Kila Jumapili, ibada ilipokwisha, wazee walibaki katika ukumbi tuliokodisha, wakinywa chai na maandazi, wakijadili mpangilio. Wanawake hawakukatazwa, ila mimi ndiye niliyekaa karibu kuliko wote, kwa sababu mjukuu wangu Elia alikuwa katika timu na sikutaka apangwe na watu nisiowasikia. Mpinzani wa Shemasi katika mabishano hayo alikuwa Mwalimu wa kwaya, mtu wa mlimani, mrefu, mwenye ulimi mwepesi. Mwanawe, Yoshua, na Elia wangu walikuwa hawaachani. Walikula kwangu, wakalala kwa Mwalimu, wakachukua glavu moja na kupokezana mpaka shule ilipowapa ya pili.

"Shemasi," Mwalimu alianza siku moja, "umemweka Yoshua nje kulia. Bon, sawa. Unataka achunge ng'ombe huko?"

"Ng'ombe wangekuwepo angesimama," Shemasi alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe. "Jana alikuwa amekaa chini anang'oa majani."

"Na yule wa Mama Mzee hapa, anayeukimbia mpira kama ameona mamba?"

"Elia aliukimbia mara moja," nilisema, "na ulikuwa unakuja usoni. Weye ungesimama?"

"Mimi ningeomba, Mama Mzee."

"Ungeomba ukiwa umeanguka."

Watu walicheka. Ninayataja haya ili ieleweke kwamba kulikuwa na wakati ambapo ng'ombe na mamba yalikuwa mambo ya kuchekea, na mtu wa mlimani aliweza kuyasema mbele ya wa ziwani na kupewa andazi jingine.

Vijana waliosoma walijaribu kumfundisha. Walisema wa kwanza kupiga awe yule asiyekosa kufika besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza cha kukimbilia, na wa nne awe mwenye nguvu, ili awarudishe waliotangulia hadi nyumbani, pale walipoanzia. Wanawake wengine walitaka aanze mkubwa kwa umri, kama tunavyonawisha mikono mezani. Shemasi alisikiliza wote hadi mwisho, kwa heshima, kisha akatangaza mpangilio wake ule ule wa kupishanisha, kwa sauti, bila karatasi, akiwa amesimama. Sababu hakutoa. Wazee waliijua wakanyamaza, kwa kuwa kuitaja kungekuwa ni kuivunja.

Mavazi yake hayakubadilika. Katika jua la Julai, watoto wakivuja jasho, yeye alikuwa na koti na tai. Hakukaa wakati mtoto yeyote wa kwetu ameshika gongo. Alipiga makofi kwa kiasi kile kile kwa mtoto aliyeupiga mpira ukavuka uzio na kwa mtoto aliyekosa mara zote akarudi analia. Watoto walichukia jambo hilo. Elia alininung'unikia mara nyingi: "Bibi, kwa nini ananipigia makofi nikikosa? Ananicheka?" Nilimwambia hamcheki. Sikuweza kumwambia kwamba Shemasi anaogopa mzazi fulani asije akapima makofi.

Alikuwa pia na mjukuu wake mwenyewe katika timu, mtoto wa bintiye, mwenye mkono uliorusha mpira kutoka mbali kuliko wote. Huyo alimweka nje kulia mara nyingi na akampanga wa mwisho kupiga, kwa sababu kiongozi hula baada ya wengine. Tulishindwa michezo kadhaa kwa ajili ya uamuzi huo. Mtoto alichoka, akaacha. Bintiye alimjia baada ya ibada akamwambia mbele yetu, "Baba, umemwadhibu mwanangu kwa kuwa ni wako." Naye akamjibu, "Nimemtuma, sikumtupa." Hilo lilikuwa neno lake kwa kila mtoto aliyelia kupelekwa mbali. Kwa bintiye halikufaa kitu. Mwaka huo huo alihamia Buffalo na watoto wake.

Mara moja Shemasi alitupeleka wazee katika uwanja mkubwa wa mjini, mchana, kuitazama timu ya Louisville ikicheza na ya Buffalo. Tulikaa kwenye nyasi nyuma ya wachezaji wa mbali, mahali pa bei ndogo. Yeye hakuutazama mpira. Alisikiliza majina ya wapigaji yakitangazwa, na kijana wetu mmoja akamweleza kwamba yule aliyepiga wa pili wiki iliyopita leo ameshushwa hadi wa nane, kwa kuwa hapigi vizuri.

"Wamemshusha mbele ya watu wote hawa?" aliuliza.

"Ndiyo, Shemasi."

"Na ndugu zake wamekaa wapi?"

"Sijui kama wako hapa."

"Donc, basi, hakuna atakayesimama kumuuliza kocha?"

"Hakuna."

Kisha akanigeukia mimi, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Mzee, watu hawa wana raha kubwa ambayo hawaijui." Sikumwona akitamani kitu cha Amerika ila hicho.

Sasa nifike kwenye jambo la Columbus, ambalo wengine hulisimulia vibaya.

Makanisa yetu ya miji ya Louisville, Columbus na Buffalo yalikuwa na desturi ya kukutana wakati wa kiangazi. Watu huhubiri, kwaya huimba, na vijana hucheza. Mwaka huo ilikuwa zamu ya Columbus. Siku moja kabla ya safari, simu zilijaa sauti kutoka nyumbani. Kijiji kimechomwa. Kisha kingine, cha upande wa pili, kwa kisasi. Kila nyumba ya Newburg ilikuwa na mtu wa kumlilia. Tulipanda magari asubuhi bila kusalimiana kama tulivyozoea. Njiani sikuzisikia nyimbo.

Shemasi aliona. Nami nadhani ni hofu iliyomfanya atende alilolitenda. Tulipofika uwanjani, kabla ya mchezo, aliwachukua wale watoto watatu wa mbali, akaenda nao kwenye nyasi. Siku hiyo Yoshua alikuwa kushoto, Elia katikati, na kulia alikuwa mtoto mwingine wa mlimani. Alitembea na koti lake na tai yake, akikanyaga nyasi kwa kisigino kutoka mbele hadi kwenye uzio, mstari mmoja, kisha mstari wa pili. Alikuwa anaweka mpaka. Kule nyumbani sote tulishuhudia wazee wakifanya hivyo baada ya ugomvi wa shamba, na jirani wawili wakiapa mbele yao kutovuka.

Aliwaambia watoto, na nilikuwa karibu nikasikia: "Kutoka mti ule hadi hapa ni kwa Yoshua. Kutoka hapa hadi kwenye nguzo ni kwa Elia. Kila mmoja alinde kwake. Asiingie kwa mwenzake. Leo sitaki neno."

Watoto walimtazama. Yoshua alisema kitu kwa Kiingereza. Elia akatafsiri, kwa adabu: "Anasema, na mpira ukija katikati yetu?"

"Hautakuja," Shemasi alisema.

Mtu yeyote anayeujua mchezo huo atakuambia kwamba nyasi za mbali hazina mipaka. Anayefika kwanza hupiga kelele kwamba mpira ni wake, na mwenzake humwachia. Elia na Yoshua walikuwa wamefanya hivyo miaka yote bila kufundishwa, kila mmoja akikimbia popote, wakigongana, wakianguka, wakiinuka wanacheka. Lakini walikuwa watoto waliolelewa kutii, na mzee mwenye tai alikuwa ameapisha nyasi.

Mpira ulikuja, bila shaka. Ulipaa juu sana, tulikuwa na muda wa kuutazama. Elia akakimbia akafika karibu na mstari, akasimama. Yoshua akakimbia kutoka upande wake, akasimama. Kila mmoja alikuwa na mkono wenye glavu umeinuliwa nusu. Mpira ulianguka palepale kisigino cha Shemasi kilipopita, ukaruka kidogo, ukatulia, na wale wawili wakautazama kama kitu kilichokufa. Watoto wa Columbus walizunguka besi zote. Tukashindwa.

Kushindwa si kitu. Lakini mzazi mmoja wa kwetu, wa ziwani, ambaye ndugu yake alikuwa amechomewa nyumba usiku wa kuamkia jana, alisimama akasema kwa sauti, "Mmeona? Hata mpira hawawezi kutuokotea." Na wa mlimani mmoja akamjibu kwa neno lile. Neno hilo sitalitaja. Mjukuu wangu hapa ameniuliza ni lipi, na nimemkataza kuniuliza tena. Baada ya neno hilo yakaja mengine, kutoka pande zote mbili, na watu wa Columbus, wenyeji wetu, wakasimama na sahani za wali mikononi bila kujua wamkaribishe nani.

Mwalimu wa kwaya hakutukana. Alikwenda kwenye nyasi, akamshika Yoshua mkono, akamwongoza kwenye gari. Alipopita mbele ya Shemasi alisema tu, "Ulikuwa na haja gani ya kuwaonyesha watoto?" Shemasi alikuwa bado amesimama.

Wakati wa kurudi, Elia alikaa kando yangu katika kiti cha nyuma. Tulikuwa tumekwisha kuuvuka mto, karibu na nyumbani, aliponiuliza.

"Bibi, kumbe sisi ni wa ziwani?"

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Nimejua mwenyewe."

"Umejuaje?"

"Kwa vile Shemasi anavyotupanga. Anaruka mmoja mmoja. Yoshua na wale ni kitu kimoja, mimi na wale ni kitu kingine. Tulishaanza kuona zamani. Tulidhani ni kwa ajili ya nguvu, au urefu. Leo wakubwa walipogombana, wale waliosimama huku na waliosimama kule, ndio hao hao." Akaigeuza glavu mapajani. "Yoshua alijua kabla yangu. Aliniambia mwaka jana kwamba mpangilio ukitangazwa hawatajwi kamwe wawili wao wakifuatana. Mimi nikamwambia anawaza sana."



Siku iliyofuata nilikwenda kwa Shemasi. Alikuwa ametoka kazini, ameketi mezani na koti lake. Nilimweleza maneno ya Elia bila kuyapunguza. Nilimwambia kwamba watoto hawa hawakuambiwa na wazazi wao, hawakuambiwa na simu, hawakuambiwa na adui. Waliambiwa na mpangilio wake.

"Mama Mzee," alisema, "ningewapangaje?"

"Kwa miguu yao. Kwa mikono yao. Kama walivyokuambia vijana."

"Na siku ambayo kwa miguu yao wangetokea wanne wa upande mmoja mbele, wakifuatana, na kule nyumbani watu wamechomwa wiki hiyo? Wewe ungekaa kimya? Mama Mzee, wewe?"

Nilitaka kusema ningekaa kimya. Aliona kwamba nilitaka, na kwamba sikusema.

"Bon," alisema, akanisogezea sukari.

Mambo yaliyofuata yalikwenda upesi. Familia za mlimani zilipata ukumbi mwingine, kule Shively, upande mwingine wa mji, zikaanza ibada yao, na Mwalimu wa kwaya akaondoka na nusu ya sauti za kwaya. Timu zikawa mbili. Hakuna aliyemfukuza mwingine. Kila upande ulisema ni kwa sababu ya umbali na petroli. Shemasi alikuwa akienda Newburg Jumapili asubuhi na Shively mchana, kwa basi, na katika kila ukumbi walimpa kiti cha wageni. Kupanga wapigaji hakuna aliyemwomba tena. Timu ya kwetu sasa ilipangwa na kijana kwa miguu na mikono yao, bila matata yoyote, kwa kuwa wote walikuwa wa ziwani. Niliutazama mchezo mmoja wa namna hiyo. Ulikuwa mzuri. Sikurudi kutazama mwingine kwa muda.

Mwishowe binti wa Shemasi alikuja kumchukua akampeleka Buffalo.

Kiangazi kilichopita zamu ya makutano ilikuwa ya Buffalo, nikasafiri na watu wetu. Elia sasa ni mtu mzima, anafanya kazi katika bohari, lakini alikuja kuisaidia timu ya watoto. Yoshua naye alikuja na watoto wa Shively. Niliwaona wakisalimiana kwa kuinua kidevu, kila mmoja akiwa upande wake wa uwanja, kama watu waliowahi kufanya kazi pamoja mahali fulani.

Shemasi anakaa West Side, magharibi ya mji huo, katika moja ya nyumba zile za mbao za zamani, orofa ya juu, kwa bintiye. Uwanja uko mwisho wa mtaa huo. Nilimkuta amekwisha kufika, ameketi kwenye kiti cha kukunja kando ya mstari, amevaa koti, bila tai. Aliniona nikiwa bado ng'ambo ya barabara akainuka kunipokea, akanishika mkono kwa mikono miwili. Tuliulizana habari za afya na za waliokufa. Nilisogeza kiti changu karibu na chake.

Kanisa la Buffalo bado ni moja. Sijui wamewezaje. Watoto wao, waliochanganyika, walikuwa wamekusanyika mbele yetu wakibishana kuhusu mpangilio kwa Kiingereza, kwa kelele nyingi. Mjukuu mmoja wa kike niliyekuja naye alinitafsiria. Mmoja alitaka kupiga wa kwanza kwa kuwa ana viatu vipya. Mwingine akasema viatu havipigi mpira. Mmoja alikataa kwenda nje kulia kwa sababu kuna nyuki. Msichana mwenye waya wa kunyoosha meno alidai katikati, wakamwambia ana mkono wa tambi, naye akaurusha mpira juu ya vichwa vyao hadi kwenye uzio ili wanyamaze. Hawakunyamaza. Mwishowe mkubwa wao alikuja kwa Shemasi na kuinama kidogo, kama alivyofundishwa.

"Babu, hawasikii. Tafadhali, tupange wewe."

Shemasi alimtazama mtoto yule kwa muda. "Mimi sioni vizuri siku hizi, mwanangu," alisema. "Pangeni wenyewe."

Mtoto alishukuru akarudi kwenye kelele.

"Umeniona mimi nikiwa ng'ambo ya barabara," nilimwambia.

"Ninaona," alisema. "Nikitazama, nitapanga. Sijui kufanya vingine." Akainuka, akakigeuza kiti chake, akaketi akiwa ameupa uwanja mgongo, akiielekea barabara na basi lililokuwa linasimama pale. Kwa mtu aliyekuwa hakai wakati mtoto ameshika gongo, lilikuwa jambo gumu kulitazama. Nami nilibaki nimeelekea uwanjani, kwa hiyo tulikaa bega kwa bega tukiangalia pande mbili.

Mchezo ulianza. Tulisikia gongo likigonga mpira vizuri, na watu wakapiga kelele.

"Nani amepiga?" aliuliza, bila kugeuka.

"Mtoto," nilisema.

Alitikisa kichwa taratibu, kama aliyeridhika. Basi likaondoka. Vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya goti, kimoja, kisha kingine.

"Mtoto wa nani?" akauliza.

Sikumjibu. Nilikuwa nimemtazama mtoto yule alipokuwa anaizunguka besi ya kwanza, na jina la kilima chao lilikuwa limekwisha kunijia mdomoni.